SURA YA SITA: Kirongozi Hutazama Nyuma

Swali ambalo vijana wa Moshi na Arusha, na walimu wa shule zilizo mbali kabisa na mlima wowote, hawachoki kuniuliza ni hili: "Mimi nimepanda Kilimanjaro mara nne, miguu yangu haichoki wala kichwa hakiniumi, yanipungukia nini, basi, hata nisiweze kuwachukua watu kumi nikawapandisha mwenyewe?" Wengine huliuliza kwa upande wa pili, wakisema kwamba wao si hodari wa kupanda, pumzi zao ni za kawaida, umri wa miaka arobaini umekwisha kuwapita, na kwa sababu hiyo wamekata tamaa ya kuwatoa wanafunzi wao nje ya ua wa shule. Maswali haya mawili, ijapokuwa yaonekana kupingana, yana mzizi mmoja, nao ni dhana ya kwamba anayefaa kuongoza safari ya mlimani, ya msituni au ya baharini ni yule aliyewapita wenziwe kwa nguvu.

Rai yangu, ambayo nimeipata kwa miaka mingi ya kutembea na makundi, na mara nyingine nimeipata kwa fedheha, ni kwamba kupanda ni fani moja na kuongoza ni fani nyingine, na kwamba mtu aweza kuihitimu ile ya kwanza asiijue hata alifu ya ile ya pili. Mwenye kupanda kwa ajili ya nafsi yake ana haki ya kukitazama kilele tangu asubuhi hata jioni. Mwenye kuongoza amekabidhiwa amana ya watu, na macho yake hayana budi kuwa juu ya watu hao, hasa yule wa mwisho, ambaye aghalabu ndiye asiyependa kutazamwa.

Jina la kale la kazi hii

Lugha yetu ilikuwa na jina la kazi hii tangu zama za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Mtu aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirongozi. Nyuma yake walifuata watu kwa mamia, wengi wao wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa nguo, wa shanga au wa pembe. Na yeye alikwenda mbele yao amevaa vazi jekundu na manyoya kichwani, akichukua mzigo mwepesi kuliko wa wenziwe, na mkononi ameshika bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Asiyejua angedhani kwamba mavazi yale yalikuwa ya majivuno tu. Lakini hebu tafakari jinsi safu ya watu mia tatu inavyorefuka katika njia ya porini isiyopitisha ila mtu mmoja mmoja, kisha jiulize aliye nyuma ataijuaje njia. Wekundu ule ulionekana kutoka mbali katika majani makavu. Na njia ilipogawanyika, kirongozi alilaza matawi juu ya njia isiyokuwa yao, au akachora mstari mavumbini, ili yule wa mwisho, ambaye pengine angefika pale jua limekwisha panda, asipotee. Ukiyachunguza mambo yote aliyoyafanya mtu yule wa mbele, utaona kwamba karibu yote yalikuwa kwa ajili ya watu wa nyuma.

Miongoni mwa watu wa misafara ile, ninayependa kumtaja kila ninapofundisha ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarejea Afrika akiwa muungwana huru. Aliandamana na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi tena na Speke na Grant, kisha akafuatana na Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone, na mwishowe akavuka bara zima pamoja na Cameron, tangu pwani ya Bahari ya Hindi hata pwani ya Atlantiki. Waliomwandika hawakumsifu kwa urefu wa kimo wala kwa nguvu za mabega. Kazi yake ilikuwa kufasiri lugha, kupatanisha waliogombana, kuwashawishi wapagazi waliotaka kutoroka, na kujua kila jioni ni nani amefika na nani hajafika. Hizo ndizo kazi za kiongozi hata leo, tofauti ni kwamba leo tunavaa koti la mvua.

Jambo jingine tuliloachiwa na misafara ile ni saa ya kuondoka. Iliamka alfajiri, na mara nyingi ilikuwa imetua kambini kabla ya jua la adhuhuri kuwa kali. Sisi wa milimani tunafanya vivyo hivyo kwa sababu nyingine, yaani mawingu na mvua za milima yetu hupenda kukusanyika baada ya mchana. Na kundi lililochelewa kuondoka kwa saa mbili kwa sababu ya chai na kutafuta soksi, litazilipa saa hizo jioni, likiwa limelowa na limechoka.

Mtu aliyegeuka

Vitabu vya shule hutuambia kwamba Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889. Ni kweli. Lakini lenye faida zaidi kwa mwanafunzi wa uongozi ni habari ya siku ambazo Meyer alishindwa. Mwaka 1887 Meyer alipanda mpaka akakutana na ukuta wa barafu ambao hakuwa na zana za kuupandia, akageuka. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, kwa kuwa vita vya Abushiri bin Salim vilikuwa vimewaka pwani, akakamatwa na kukombolewa kwa fedha. Alipokuja mara ya tatu alikuwa amejifunza jambo ambalo halihusu miguu hata kidogo: aliweka kambi huko juu na kupanga wapagazi wawe wanapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, ili njaa isiwe ndiyo itakayoamua siku ya kurudi. Na hata hapo, tarehe 3 Oktoba, yeye na mwenzake walipofika ukingoni mwa kreta, wakakiona kilele kwa macho yao, waliona pia kwamba saa zimekwenda na nguvu zimepungua. Wakageuka wakashuka, wakapumzika, wakarudi siku tatu baadaye wakafika.

Ningependa msomaji akae kidogo na tarehe ile ya 3 Oktoba. Mtu ametumia miaka mitatu na mali nyingi, ameuona mwisho wa safari, na anageuka. Hiyo ndiyo tunayoiita saa ya kugeuka, yaani saa iliyowekwa kabla ya kuondoka kambini, ambayo ikifika kundi hurudi popote lilipo, hata kama kilele kiko umbali wa kurusha jiwe. Sharti iwekwe jioni, mtu akiwa ameshiba na akili imetulia, kwa maana huko juu, penye hewa haba na baridi kali, na wageni waliolipa fedha wanakutazama usoni, hukumu ya mwanadamu hudhoofika, na kila mtu hujiambia kuwa dakika kumi na tano zaidi hazitamdhuru.

Tena nisiache kusema kwamba wakati Wazungu wale wawili walipokuwa wakikata ngazi katika barafu, kulikuwa na mtu wa Pangani, jina lake Mwini Amani, aliyebaki katika kambi ya juu akiwatunzia moto na vitu vyao katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuiona. Na kwamba wenyeji wa Marangu wamelihifadhi jina la Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye kijana wao aliyewaonyesha njia. Hakuna kilele kilichofikiwa na mtu mmoja.

Hewa ya juu na mwili wa mwanadamu

Ukinunua pakiti ya biskuti Moshi mjini ukaipandisha mpaka Horombo, kituo cha kulala katika njia ya Marangu, utaikuta imevimba kama mpira. Biskuti hazikuongezeka, kilichopungua ni uzito wa hewa unaoigandamiza pakiti kutoka nje. Vivyo hivyo kwa mapafu. Kileleni, penye mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Tanga, na kwa hiyo kila pumzi inaingiza takriban nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili waweza kuizoea hali hiyo kwa kiasi, ila wadai siku, wala hauchukui rushwa. Nao haujali kama mtu ni mwanariadha ama ni karani.

Mtu akipanda kasi kuliko mwili unavyozoea hupata ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kwa kuumwa kichwa, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio na sababu au usingizi wa mang'amung'amu. Huo wa kawaida hupungua mtu akipumzika palepale asipande zaidi. Lakini una ndugu wawili wauaji. Wa kwanza ni maji kujaa katika ubongo: mgonjwa huanza kuyumba kama mlevi, hukasirika bila kisa, husema maneno yasiyofuatana, kisha husinzia asiamke. Wa pili ni maji kujaa katika mapafu: pumzi hukatika hata mtu akiwa amekaa, hukohoa kikohozi chenye povu, midomo ikageuka rangi. Dawa ya hawa wawili ni moja, nayo ni kushuka, papo hapo, iwe usiku iwe mvua, na mgonjwa asiachwe ashuke peke yake. Oksijeni ya mtungi na dawa za daktari hununua muda wa kushukia. Kamwe haziwi badala ya kushuka.

Kwa jinsi hiyo madaktari wa milimani wametoa kanuni nyepesi: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala usiku mmoja pasizidi pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku moja ya kukaa. Sasa itazame njia ya Marangu, ambayo watu huiita nyepesi kwa kuwa ina mabanda ya kulala. Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, na banda la Kibo ni takriban 4,700. Kila kituo kimezidi cha kabla yake kwa takriban mita elfu moja. Maana yake ni kwamba njia yenyewe inaivunja kanuni, na mwongozaji asiyejua hesabu hii huwavunjisha watu kanuni bila ya kutambua. Ndiyo sababu mwenye busara huongeza siku nzima Horombo, akawapandisha watu asubuhi hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, kama mita 4,000 hivi, kisha akawarudisha kulala chini. Wageni wengi hunung'unika kwa gharama ya siku hiyo. Mimi huwajibu kwamba hiyo ndiyo siku waliyoilipia kuliko zote.

Kwa ufupi:

- Anayeumwa kichwa mlimani, mchukulie kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo.
- Mwenye dalili asipande zaidi kwenda kulala juu.
- Anayeyumba, au anayekosa pumzi akiwa amekaa, anashuka sasa hivi.

Kijana aliyemwaga supu

Nilisema kwamba rai yangu niliipata mara nyingine kwa fedheha, nami ni deni kwangu kueleza. Mwaka mmoja niliwaongoza wanafunzi kumi na wawili wa sekondari, na miongoni mwao alikuwamo kijana mrefu, mchezaji bora wa mpira wa shule yao, ambaye tangu geti la Marangu alikwenda mbele kabisa, akibeba na mkoba wa mwenziwe. Kila tulipopumzika niliuliza kwa sauti kuu, "Mko salama?" nao wote wakaitikia kwa pamoja, "Salama, mwalimu!" Niliridhika na jibu lile, nikaliandika katika daftari langu kama kwamba ni habari.

Usiku wa pili pale Horombo mpishi wetu, mzee aliyepanda mlima ule tangu ujana wake, alinijia pembeni baada ya chakula, akanong'ona: "Mwalimu, samahani. Yule kijana mrefu ana siku mbili sasa anamwaga supu nyuma ya banda." Nikaenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake mguuni, hajafungua kamba. Nilimwuliza kama kichwa chamwuma, akasema hapana. Nikamtaka atoke nje, nikamchorea mstari ardhini kwa ncha ya fimbo, nikamwambia apite juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, hatua kumi. Hatua ya nne aliyumba, ya tano akanishika bega. Ndipo akalia, akakiri ya kwamba kichwa kilimwanza tangu Mandara, ila aliogopa kurudishwa, naye ndiye ambaye shule nzima ilimtarajia kufika.

Msaidizi wangu na wapagazi wawili walimshusha usiku uleule kwa taa za kichwani. Mimi nilibaki na wale kumi na mmoja, wala sikulala.

Kosa halikuwa la mtoto. Mtoto aliulizwa swali mbele ya wenziwe ambalo lina jibu moja tu la heshima, akalitoa. Mkubwa akikuuliza kama u salama, nawe umelelewa vyema, wasema salama; ndivyo sisi sote tunavyoamkiana, hata msibani. Tangu siku ile sikumwuliza mtu kama yu salama. Humkalia mmoja mmoja karibu, nikamwuliza amekula nini na kimebaki kiasi gani, ameamka mara ngapi usiku, amekojoa saa ngapi. Maswali ambayo jibu lake ni hesabu. Kisha huangalia vitu ambavyo ulimi hauvitawali: mtu aliyekuwa mcheshi jana na leo amenyamaza, aliyeacha kuvaa glavu ilhali mikono ni baridi, kamba za viatu zisizofungwa, mwenye kukaa mbali na harufu ya jikoni. Na kila jioni humwendea mpishi, kwani hakuna daktari anayejua habari za matumbo ya kundi kama yeye.

Mwendo, safu na hesabu

Neno "pole pole" limekuwa kama salamu kwa wageni wa Kilimanjaro, hata limeanza kupoteza maana. Maana yake halisi yaweza kupimwa: mwendo uliofaa ni ule ambao mtu wa mwisho katika safu anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Nimesema mtu wa mwisho. Msafara wa madau unaotaka kufika pamoja hufuata kasi ya dau zito kuliko yote, na nahodha aliyetangulia hupunguza tanga, kwa sababu lile zito haliwezi kuongeza upepo. Kosa la viongozi wachanga, nalo ni la watu wema, ni kumngoja mchovu mahali pa kupumzika, na mara anapofika kusema, "Haya, twendeni." Hivyo wenye nguvu wamepumzika dakika kumi na yeye aliyehitaji hakupumzika hata moja.

Safu huwa na watu wawili wenye dhamana: mmoja mbele, ashikaye mwendo na njia, na mmoja nyuma, ambaye hapitwi na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Wa nyuma ndiye apaswaye kuwa na maarifa zaidi, pamoja na mkoba wa huduma ya kwanza, kwa maana matatizo huanguka nyuma kama maji yanavyoteremkia bondeni. Na katika kila kituo, kila njia panda na kila kivuko, watu wahesabiwe kwa kuguswa au kuonekana uso, isiwe kwa kudhaniwa.

Kuhusu muda, wapandaji bado hutumia kanuni iliyotolewa na Mskochi, William Naismith, mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vyetu vya leo ni hii: saa moja kwa kila kilomita 5, na juu yake saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mfano wa matembezi ya Usambara, kilomita 10 na mwinuko wa mita 600: saa mbili za umbali, saa moja ya kilima, jumla tatu. Lakini Naismith alihesabu watu wazima wenye afya wasiosimama. Kwa wanafunzi wa darasa la saba, wenye kutaka kuangalia kila kinyonga, mimi huongeza nusu yake tena, nikapata saa nne na nusu, na ndipo huiweka saa ya kugeuka.

Baridi na radi

Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Moshi mjini ikiwa na nyuzi 30 mchana, kilele kilicho mita elfu tano juu yake kitakuwa karibu na sifuri mchana uleule, na usiku chini sana ya hapo. Mtu wa pwani huiogopa baridi ya theluji, lakini ile iuayo zaidi ni ya mvua na upepo katika nguo za pamba zilizolowa. Sweta la sufu na koti lisilopitisha maji vyawafaa watu kuliko blanketi tatu. Anayetetemeka bado anajitetea. Aliyekuwa akitetemeka akaacha, ilhali hajapata joto, huyo yu hatarini.

Radi nayo ina hesabu. Uonapo mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, ondoa watu mgongoni mwa mlima na mbali na mti ulio peke yake, wala msitembee tena huko juu mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Na mito iliyofurika wakati wa masika haina hesabu: usiivuke.

Na wenye kubeba je?

Kuna jambo ambalo wengi wanaojifunza uongozi hulisahau, nami siwezi kulipita kimya. Ukiambiwa kundi lako lina watu wanane, mara nyingi waliohesabiwa ni wageni tu, ilhali nyuma yao wako wapagazi, wapishi na wasaidizi ishirini au zaidi, ambao nao wana mapafu, wana miguu, wana wake na watoto. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika mlima ule, wakiwa na viatu vilivyotoboka na koti la kuazima, mahali ambapo wageni wao walilala ndani ya mifuko mizito ya manyoya. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa kampuni, na mizani iko getini. Walakini mizani ya getini haioni mzigo unaoongezwa baada ya mti wa tatu. Aonaye ni mwongozaji. Yeye ndiye anayejua pia kama wamekula, kama hema lao lina maji, na kama bahashishi waliyoachiwa na wageni imewafikia mikononi. Mtu asiyewahesabu hawa hajajua kuhesabu, hata kama amefika kileleni mara mia.

Nianzie wapi?

Anzia nyuma. Jiunge na mtu mwenye kuongoza vizuri, umwombe akupe nafasi ya mtu wa mwisho, na ukae pale msimu mzima kabla ya kutamani kwenda mbele. Wengi wa waongozaji bora wa Kilimanjaro walianza kwa kubeba mizigo, wakawa wasaidizi, kisha wakapata leseni. Na ule mwanzo, ambao baadhi ya vijana wenye vyeti huuona kuwa wa kudhalilisha, ndio uliowafundisha kumjua aliyechoka kwa kumtazama kisigino. Vyuo navyo vina nafasi yake: kile cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 juu ya Moshi, kimewafunza watu wa hifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na kwa mwalimu wa shule, mfano mzuri ni ule wa Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyehamia Uingereza, ambaye mwaka 1941 alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye meli, kuanzisha shule ya Aberdovey, Wales, wakiwa na nia ya kuwapa mabaharia vijana uvumilivu na kujiamini, jambo ambalo darasa peke yake haliwapi. Kutokana na shule ile zikazaliwa nyingine, mojawapo ikiwa ya Loitokitok upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro hihii, ambako vijana wa Afrika Mashariki wameupanda mlima kama sehemu ya masomo yao.

Mwanafunzi anayenijia huwa namwagiza mambo haya kabla ya mwaka kwisha:

1. Kozi ya huduma ya kwanza inayofundisha mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki, siyo ile ya ofisini.
2. Safari tano za siku moja katika vilima vya karibu, Usambara, Uluguru, Longido au Ngong, akiwa mtu wa nyuma.
3. Barua ya safari kwa kila safari, iachwe kwa mtu wa nyumbani: nani wamekwenda, njia ipi, watarudi saa ngapi, na saa ngapi aanze kuulizia.
4. Daftari, ambamo kila jioni ataandika jambo moja ambalo hakuliona kwa wakati.

Hilo la nne ndilo gumu. Wengi huandika hali ya hewa.

Daftari langu la safari ile ya wanafunzi ninalo hata leo. Siku ya sita tulishuka kwenda getini chini ya mvua nyembamba, tisa wakiwa wamefika kileleni na wawili wamegeukia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, wote wakiimba. Nilisimama kando ya njia nikawagusa mabega mmoja mmoja wakipita, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Kijana mrefu alikuwa amekaa kwenye baraza ya geti, amevaa sweta la mtu mwingine, na bakuli la mtori mikononi. Hospitali ya jirani ilikuwa imemruhusu siku iliyotangulia. Aliinuka aliponiona, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akainamisha macho. Nikamwitikia, nikamwuliza amekula bakuli ngapi. Akasema hilo lilikuwa la pili, na kwamba mzee wa jikoni alikuwa ametangulia kushuka akampikia mwenyewe. Nikamgusa bega, nikaandika kumi na mbili.